Wasomaji wa Muuza Kivuli

Jebunnesa aliegemeza simu kwenye kopo la mafuta ya haradali, akakung'uta ganda la njegere lililomng'ang'ania kidoleni, na kwa kidole hicho hicho akaandika kwenye Chai na Kurasa, jumuiya ya wasomaji mtandaoni:

"Wasomaji wenzangu, salaam. Natafuta kitabu kinaitwa Muuza Kivuli. Kinahusu msichana, Kusum, anayekunja vivuli vya miti kama mashuka, anavibeba kichwani, anawapelekea watu wanaochomwa na jua mashambani. Dada yangu alinisomea nikiwa mtoto. Hatukukimaliza. Mwenye nacho anijulishe."

Akabonyeza, akarudi kwenye njegere zake. Ilikuwa alasiri, umeme wa Mymensingh ulikuwa umekatika kama kawaida yake, na jirani alikuwa akigombana na muuza samaki kuhusu macho ya samaki.

Chai na Kurasa ilikuwa na watu kutoka kila wilaya ya Bangladesh, na wengine wako ughaibuni wanakaanga vitunguu vya watu. Kazi yao ilikuwa kuambiana kipi kisomwe na kipi kitupwe, na kununiana kwa sababu hiyo. Walikubali makosa ya kila namna, lakini jambo moja hakuna aliyewahi kulikubali mbele ya wenzake: kwamba kuna kitabu hajakisoma.

Wa kwanza kujibu alikuwa Rezwan, muuza vigae wa Sylhet. "Ah, Muuza Kivuli! Nilikisoma nikiwa chuo. Mwanzo mtamu, katikati kinachosha kidogo."

"Kaka Rezwan," mwingine akamjibu, "wewe hata orodha ya vyakula hotelini inakuchosha katikati. Kile kitabu ni dhahabu."

"Mimi nimekisoma mara mbili," akasema wa tatu.

Kufikia magharibi, mamia walikuwa wamekisoma. Na kwa kuwa walikwisha kusema, kila mmoja alikwenda kwenye rafu yake kuangalia, akakikuta. Rezwan alikikuta kati ya kamusi na vielelezo vya vigae: kitabu cha jalada la kahawia, kinanukia mafuta ya nazi. Alikisoma akachelewa kufungua duka, kisha akarudi jumuiyani kusema anafuta kauli, katikati hakichoshi hata kidogo. Hakuna aliyeshangaa. Katika nyumba za wasomaji vitabu huingia kwa kuazimana, na hakuna anayekumbuka kipi kilitoka kwa nani.

Mjadala ukapamba moto. Walichobishania sana ni chura. Katika sura ya tatu, Kusum anapovuka shamba la mpunga, palikuwa na mchoro wa chura aliyelazwa chali, tumbo limepasuliwa, mishale inaonyesha moyo, ini na figo. Mhadhiri mmoja wa Rajshahi aliandika kwamba chura yule ni taifa. Mwanamke mmoja akamjibu kwamba chura ni ndoa, na kama mhadhiri haamini, amwulize mkewe. Kitu kingine walichokipenda ni namna mwandishi anavyomkemea msomaji. Hadithi inakwenda vizuri, mara katikati ya sentensi: "tulia basi, usitikise kichwa." Walisema ni ufundi wa hali ya juu.

Jebunnesa aliusoma mjadala huo akiwa jikoni, sufuria iko motoni. Mtu akabandika picha ya yule chura. Akaikuza kwa vidole viwili. Akamjua.

Dengu zikaungua na yeye amesimama pale pale.

Dada yake, Lutfunnesa, alikuwa akimpaka mafuta ya nazi nywelani kila alasiri, juu ya dari ya nyumba hii hii. Aliweka kitabu gotini, akasoma huku vidole vikitembea kichwani mwa mdogo wake, na ukurasa ulipofika mwisho aliufunua kwa kiwiko ili asiuchafue. Jebunnesa alikuwa hajui kusoma bado. Aliwahi kuuliza chura yule anafanya nini pale. Lutfa akasema, "Amelala. Amechoka na jua, anamngoja Kusum apite." Likaisha.

Kitabu kilikuwa cha sayansi, cha kaka yao Motahar. Ulipofika wakati ambapo nyumba iliona haiwezi kusomesha wawili, ilimchagua Motahar, na Lutfa akabaki na ruhusa ya kufuta vumbi kwenye vitabu vya kaka yake. Kumbe alikuwa akivifuta kwa namna yake: macho kwenye chura, hadithi kutoka kichwani mwake. Jebunnesa alikuwa ameulizia Muuza Kivuli katika kila duka la vitabu alilopita maishani mwake, hata mwaka aliokwenda Dhaka kwa matibabu ya mumewe, na wauzaji wote walimwambia kimekwisha, arudi wiki ijayo. Hakuna aliyemwambia kwamba hakikuwahi kuwapo.

Siku ya mwisho, Lutfa alimfikisha Kusum kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Vivuli vimemwishia kichwani, jua ni kali, na ndani ya nyumba ile mtu anamwita kwa jina. "Nani anamwita?" Jebunnesa akauliza. "Kesho," Lutfa akasema, akamfunga nywele. Kesho yake walikuja watu kutoka Netrokona kumtazama bibi harusi. Walimtembeza sebuleni waone kama hachechemei, wakampenda. Aliondoka kabla mwezi haujaandama, na mwaka uliofuata alifariki akijifungua.

Basi Jebunnesa akaandika jumuiyani: "Kitabu hiki kimetungwa na marehemu dada yangu, Lutfunnesa."

Msimamizi wa jumuiya alikuwa Sumitra, mfamasia wa Khulna, mwanamke mpole asiyepindishwa. "Dada Jebunnesa, heshima yako," akajibu. "Ila kwetu mwandishi ni yule aliye kwenye jalada. Jalada hili hapa."

Akabandika picha. Juu ya karatasi ya kahawia, kwa mwandiko mnene wa mvulana, paliandikwa: Motahar Hossain. Chini yake: Darasa la Nane, Mkondo wa Pili. Wasomaji walikuwa wameshakubaliana kwamba Darasa la Nane ni wachapishaji fulani wa zamani, waliosifika kwa karatasi nzuri.

"Hilo ni jalada la kitabu chake cha shule," akaandika Jebunnesa.

"Basi dada, tuletee jingine."

Hakuwa na jingine. Sumitra akaiondoa ile taarifa ya Jebunnesa, akaweka ua mahali pake. Kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, alimtumia nakala yake mwenyewe kwa basi la usiku, imefungwa pamoja na dawa ya magoti, zawadi.

Jebunnesa aliipokea, akanawa mikono, akapanda darini. Yote yalikuwamo. Maneno ya Lutfa, vituo vyake, hata mahali alipopiga chafya. Alisoma polepole, na kila alipofika kwenye "usitikise kichwa" alitulia. Jua lilikuwa limeshasogea alipofika kwenye mlango wa buluu. Ndani mtu akamwita Kusum kwa jina. Jebunnesa akafunua ukurasa.

Ulikuwa mweupe. Na uliofuata, na uliofuata. Karatasi nzuri, nene, nyeupe pe hadi jalada la nyuma.

"Kwangu kurasa za mwisho hazina kitu," akaandika jumuiyani. "Nani anamwita Kusum? Niambieni tu."

"Dada, mwisho hausemwi!" wakamrukia. "Usijinyime utamu." "Kanuni ya nne, jamani." Mmoja akamshauri apime macho. Alikwenda. Daktari akamwambia macho yake ni mazima, ni kurasa tu hazijamfikia, jambo hilo hutokea, akampa matone.

Akamwandikia Rezwan pembeni. Rezwan alichelewa kujibu. "Mama mdogo," akasema mwishowe, "nililia nilipoufikia. Ila mimi namwogopa Sumitra kuliko mke wangu. Nisamehe."

Basi alibaki mtu mmoja.

Motahar aliishi ghorofa ya juu, kwa kuwa nyumba ya baba alikuwa ameirithi yeye, na Jebunnesa alipofiwa na mume alipewa chumba cha chini karibu na pampu ya maji. Motahar alikuwa mstaafu wa ofisi ya jute, zile nyuzi za magunia, na maisha yake yote hakuwahi kumaliza kitabu. Wasomaji walipoanza kumpigia simu kumpongeza, alidhani ni mambo ya pensheni. Alipoelewa, alishona kanzu mpya na kuwatangazia kwamba Ijumaa baada ya swala wanakaribishwa kwake, atawatilia sahihi. Jebunnesa alipopanda asubuhi ya Ijumaa hiyo alimkuta mbele ya kioo akijaribu miwani.

"Hii inanifanya nionekane nimefikiri?" akauliza.

"Inakufanya uonekane umepoteza ile nyingine. Kaka, kitabu ni cha Lutfa."

"Jina la nani liko juu?"

"Lako."

"Mimi nililiandika?"

"Uliliandika. Ulikuwa darasa la nane."

Motahar akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia Jebunnesa dawa, na samaki wa ilisi alipopatikana sokoni alimpelekea kipande cha tumbo, kile chenye mayai. "Sikiliza, Jebu," akasema. "Sikuweka jina langu kwenye kitabu chake. Yeye ndiye aliyeshika kitabu changu."

"Kwa sababu hakuwa na chake."

"Hilo ungemwuliza baba."

Baba alikuwa makaburini tangu zamani, na katika familia hiyo wafu hawakuwa na tabia ya kujibu. Jebunnesa akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amekuja na maneno mengine, mengi na makali, ameyapanga tangu alfajiri. Akayaacha yapite. Akakitoa kitabu kwenye upindo wa sari yake, akakifungua kwenye ukurasa wa mlango wa buluu.

"Nisomee hapa," akasema. "Mimi sioni kitu."

"Mbona pamejaa maandishi?"

"Nisomee, kaka."

Motahar akarudisha miwani. Alisoma kama alivyosoma taarifa za marobota ya jute, sauti moja, bila kupumzika penye nukta, na mara mbili aliruka mstari ikabidi arudi. Jebunnesa alifumba macho. Chini ya sauti ile kavu alikuwa akitafuta nyingine, akiichuja neno kwa neno, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

"'Kusum aliinua mkono abishe hodi,'" Motahar akasoma, "'kisha akaushusha. Tangu azaliwe walimwita wengi, na kila aliyemwita alitaka kivuli. Huyu alijua kwamba vivuli havipo tena, na bado alikuwa akiita. Kusum akaketi kizingitini, akaegemea mlango. Hakujibu, maana angejibu, sauti ingenyamaza.'" Akageuza karatasi. "Basi. Kimekwisha."

"Na aliyekuwa anaita?"

"Hasemi."

"Angalia vizuri."

"Jebu, nakwambia hasemi. Hapa kuna jalada." Motahar akakifunga, akakipimapima mkononi. "Huo ndio mwisho wenyewe watu wanalia? Mimi ningefungua mlango nione ni nani."

"Wewe ungefungua," Jebunnesa akasema.

Kote alikopita wakati wote huo, kwenye maduka ya vitabu, kwenye msururu wa majina aliyoyabuni usiku — mama yake Kusum, mchumba, malaika — hakuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kufika mlangoni na kuketi. Akayarudia maneno yale moyoni mpaka sauti ya jute ikatoka, yakabaki ya mwenyewe. Kisha akashuka kuchemsha maziwa.

Baada ya swala wageni wakajaa. Rezwan alikuja kutoka Sylhet na keki ya sanduku. Sumitra alikuja na mumewe, akamshika Jebunnesa mikono yote miwili, akamwuliza kuhusu magoti. Mhadhiri wa chura alikuja, na yule mwanamke wa ndoa alikuja, wakakalishwa mbalimbali. Motahar alitia sahihi vitabu kwa mwandiko ule ule mnene. Alipoulizwa kuhusu chura alisema kila msomaji ana chura wake, wakapiga makofi.

"Mjomba," akauliza msichana mmoja wa chuo, "kitabu hakina ukurasa wa tabaruku. Ungekitabaruku kwa nani?"

Motahar akafikiri. Jebunnesa alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na hakusogea.

"Kwa baba yetu," akasema Motahar. "Aliyenisomesha."

Watu wakaguna kwa kuguswa. Sumitra akapangusa jicho. Jebunnesa akaingia na sinia, akaanza kugawa chai upande wa kulia kama inavyotakiwa, akifika kwa kila mtu na kumwonya kwamba vikombe ni vya moto.

Yule msichana wa chuo alipokea chake kwa mikono miwili. "Asante, bibi. Na wewe unapenda kusoma?"

"Mimi, mwanangu, nilikuwa nasomewa," akasema Jebunnesa.

"Bahati yako," akasema msichana, na akaomba sukari.