Pini Mdomoni

Akiwapa mgongo walimwita Petroli. Usoni walimwita Fundi, tena kwa adabu, maana alikuwa anawaka kabla hujagusa kiberiti. Hata hivyo chumba chake cha kushonea hakikukosa watu. Waliofuata nguo walikuwa wachache. Wengi walifuata umbea, wakajipanga kwenye benchi kama wanaosubiri daktari.

Aliyeungua zaidi ni mdogo wake. Walishona pamoja tangu mama yao alipowaachia cherehani mbili, na kila kosa la mdogo mtu lilitangazwa mbele ya benchi zima. Mpaka Jumatatu moja akasema, huku anapiga pasi:

"Dada, ukinifokea tena mbele ya watu, nabeba cherehani yangu naondoka. Sikutishi. Nakuarifu."

Petroli alitaka kucheka. Akaitazama ile pasi inavyokwenda bila papara, akajua huyu moyoni ameshaondoka, imebaki miguu tu. Na chumba bila yeye kingekuwa chumba gani?

Akaapa hatafoka. Alijaribu kuvuta pumzi kama walivyomshauri, akaishia kufoka kwa pumzi ndefu zaidi. Mwishowe akaona dawa anayo mwenyewe. Fundi akibana pini midomoni, hasemi. Basi akazibana kutwa nzima, awe ana pindo la kubandika au hana.

"Fundi kanuna leo?" akauliza kinyozi wa mlango wa pili, mpangaji wa kudumu wa benchi.

"Mm-mm."

"Kaota meno ya chuma," akajibu mdogo mtu. Benchi likaangua kicheko.

Kilimchoma. Akabana.

Mdomo ulipofungwa, masikio yakapata kazi. Kumbe visa vya kinyozi vina mwisho. Hakuwahi kuufikia kwa kumkatiza. Kumbe mdogo wake huimba kidogokidogo akishona mshono ulionyooka. Hasira zilikuja kila siku, zikagonga, zikakosa wa kuzifungulia, zikapita zao.

Ndipo ikaja Alhamisi. Mdogo mtu alikuwa anaunga gauni la harusi, mara akasimama. Amekata mikono ya gauni, na yote miwili ni ya kushoto. Alisahau kuigeuza karatasi ya kukatia. Na kitambaa chenyewe kinang'aa uso mmoja tu, hakigeuziki, wala hakijabaki hata cha kushikia sufuria.

Benchi likainua shingo. Petroli akahisi moto unapanda. Akatoa pini mdomoni, mojamoja, akazichomeka kwenye mto wa pini. Mdogo wake naye akaanza kufunika cherehani yake.

"Ilete hiyo mikono tuione," akasema Petroli. Sauti ilitoka chini, hata mwenyewe akashangaa ni ya nani. "Ni mipana. Tukiifupisha, kwenye kitakachobaki wa kulia hautoki?"

Mdogo mtu akautazama kwanza uso wa dada yake, ndipo akakitazama kitambaa. "Utatoka. Lakini shangazi wa bibi harusi aliagiza mirefu."

"Tutamwambia ukweli."

"Nitamwambia mimi. Nimekosea mimi."

"Na akifoka?" akauliza kinyozi, kwa matumaini.

"Afoke," akajibu mdogo mtu. "Chumba hiki kimezoea."

Shangazi alikuja jioni, na kufoka akafoka kweli. Mdogo mtu alieleza kosa lake bila kujitetea, dada yake kasimama naye bega kwa bega. Kumbe kufokewa kunasikika hivi, Petroli akawaza.

"Huyu msichana mfukuze," akamalizia shangazi.

Mto wa pini ulikuwa palepale mezani. Petroli hakuugusa.

"Hafukuzwi, mama. Chumba hiki ni chetu wote wawili. Gauni tutalimaliza leo, mikono mifupi, na utalipenda. Usipolipenda, kitambaa kingine ni juu yetu. Karibu ukae."

Kinyozi akamsogezea shangazi nafasi kwenye benchi, naye akakaa.

Akina dada wakarudi kwenye cherehani zao. Kichwa kikiwa kimeinama kwenye mshono, mdogo mtu akasema, "Dada, sogeza taa kidogo. Huku sioni."

Petroli akaisogeza, akaendelea kushona.