Kura Thelathini na Nane kutoka Grimsby

Gazeti la katuni likikuandikia ukurasa wa mbele "Habari njema, wasomaji wetu!", jua kuna msiba. Uingereza nzima, kila aliyewahi kula mkate wa kazi hiyo anajua habari njema yenyewe ni ipi: gazeti lako linakufa, na masalia yake yanahamia gazeti jingine, kama mjane anayepelekwa kwa shemeji. Wahariri hawana haya hata kidogo.

Keith Oldroyd alipata habari njema yake Jumanne asubuhi, Februari ya mwaka 1981, kwa simu. Aliyepiga alikuwa Bwana Prewett wa London, mhariri wa Volti, gazeti la katuni alilokuwa akiliandikia.

"Keith, kaa chini. Volti inaunganishwa."

"Lini?"

"Wiki nne zijazo. Hadithi tunazo sita, zitakazovuka ni tatu. Wasomaji watapiga kura. Kuponi iko kwenye toleo la keshokutwa."

"Na zisizovuka?"

"Unaandika sehemu ya mwisho, unawaua wahusika wote, tunaagana."

Keith hakukaa, maana simu ilikuwa kwenye korido na hapakuwa na kiti. Miaka miwili nyuma alikuwa karani wa manispaa ya Grimsby, na watu walimheshimu. Akaacha, ili kila wiki aandike kurasa tano za "Gati la Zohali", hadithi ya makuli wa mwaka 2290 wanaopakua meli za angani kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali. Shujaa wao alikuwa Kapteni Rudd, kidevu kama tofali. Alikuwepo pia Bi Nora, mwanamke mzee wa kupasua samaki wa huko, samaki wakubwa kuliko nyumba. Jina la Keith halikuwahi kuchapishwa hata mara moja, kwa kuwa siku hizo waandishi hawakutajwa. Basi mjini alibaki kuwa yule kijana wa Edna aliyeacha kazi ya maana. Bosi wake wa zamani kila alipokutana naye barabarani alimwambia kwa huruma kwamba kiti chake bado kipo. Huruma ile ndiyo iliyomchoma. Kura zikimwangusha, atakirudia kiti kile, na safari hii hatatoka.

Ijumaa alikwenda kula kwa mama yake. Mama Edna alikuwa na miaka sitini na mmoja, arobaini kati ya hiyo kasimama kiwandani akitoa minofu ya samaki. Mdogo wake Maureen alikuwepo pia, naye wa kiwanda hichohicho. Walikula samaki na chipsi, mkate wa siagi na chai, Keith akawaeleza.

"Kwa hiyo vitoto ndivyo vinavyoamua?" Maureen akauliza.

"Ndiyo, Mama mdogo. Unajaza jina, umri, na hadithi tatu unazozipenda, kwa mpangilio."

"Haya, na wewe umelala unangoja! Kweli manispaa ilikulemaza."

Mama Edna hakusema kitu. Alimwongezea mwanawe chai, akamtazama kwa muda, kisha akaanza kukusanya sahani. Keith alikuwa ameuzoea ukimya ule. Tangu alipoacha kazi, mama yake hakuwahi kumuuliza habari za Volti, na yeye aliutafsiri kuwa aibu.

Jumatatu jioni alikwenda dukani kununua nakala yake. Muuzaji akacheka.

"Zimekwisha. Mama yako mdogo kazoa zote, na duka la pili nasikia kalifagia. Wanawake wa kiwandani walikuwa wanajaza kuponi wakati wa chai."

Loo! Alimkimbilia Maureen, akamkuta anapiga pasi, hana hata wasiwasi.

"Tumeshazitia posta. Thelathini na nane. Wote tumekuweka wa kwanza."

"Umri mmeandika nini?"

"Mimi tisa. Wengine kumi, kumi na moja. Si ulisema ni la watoto?"

"Mama mdogo, umeniua."

"Nimekuua nini? Shukrani ya punda mateke. Na huyo mama yako mwenyewe kakataa kabisa kuandika pamoja nasi. Kachukua kuponi moja akaenda nayo kwake."

Hata kura moja mama yake mzazi kamnyima! Keith alirudi kwake akiwa mdogo kama nukta. Wiki mbili aliishika simu ampigie Prewett aseme ukweli, akairudisha. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wa kwao walilichuma, na aliyepaswa kulila ni yeye peke yake.

Prewett alimwita London. Keith alipanda treni ya alfajiri, saa sita mchana akawa mbele ya meza iliyojaa makaratasi. Mhariri alisukuma mbele yake boksi la viatu lililojaa kuponi.

"Nusa."

Keith akanusa. Lilinuka samaki.

"Bi Maureen Cutts," Prewett akasoma, "umri miaka tisa. Anasema hadithi hii imemliwaza tangu mumewe alipofariki."

Keith alifumba macho. "Ni mama yangu mdogo. Ana hamsini na nne. Sikuwatuma, ila nimejua wiki mbili nzima na sikusema. Samahani, Bwana Prewett."

"Thelathini na nane nimezitupa nje ya hesabu. Bila hizo umekuwa wa nne."

Basi. Keith aliinuka, akachukua koti. Hakulia, lakini alikuwa karibu.

"Nimekuambia uondoke? Kuna nyingine ya Grimsby sijaitupa. Hii haikudanganya umri."

Ilikuwa kuponi iliyobandikwa kwenye barua, na mwandiko aliujua kabla hajasoma jina. Bibi E. Oldroyd, miaka sitini na mmoja. "Gati la Zohali" aliliweka la tatu.

*Mwandishi ni mwanangu,* aliandika, *lakini sitamwongezea kitu. Hadithi yake ni nzuri pale Nora anapokuwepo, na ni ya ovyo Kapteni anapoingia. Mwanamke aliyeshika kisu miaka arobaini hangoji kuokolewa. Toleo la kumi na saba alikuwa na mlango, kisu na akili, akakaa kupiga mayowe. Pia samaki hapasuliwi vile. Mwanangu anamjua sana mwanamke huyu ila anaogopa kumwandika. Mwambieni asiogope.*

"Miaka kumi na miwili nahariri," Prewett akasema, "sijawahi kuambiwa ukweli na kuponi. Gati limekufa, siwezi kuwaibia watoto kura zao. Lakini namtaka Nora. Peke yake, kurasa sita kila wiki, kuanzia toleo la kwanza la gazeti jipya. Na huko tunaanza kuandika majina ya waandishi. Utaweza?"

"Nitaweza," Keith akasema.

Jioni alimkuta mama yake jikoni, aproni kiunoni.

"Mama, kumbe ulikuwa unasoma?"

"Tangu la kwanza. Yote yako kabatini, chini ya mashuka."

"Mbona hukuniambia? Nilidhani unanionea aibu."

"Aibu?" Mama Edna aliweka sufuria chini. "Nilijua ukijua nasoma utaniuliza nimeionaje. Na mimi uongo siuwezi, mwanangu, nikaogopa kukuvunja moyo."

Keith alimkumbatia, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa limefanyika tangu mazishi ya baba. Kisha akamweleza habari ya Nora, kurasa sita na jina.

"Na huyo Kapteni?"

"Anakufa wiki ijayo."

"Afe," Mama Edna akasema. Alitoa samaki kwenye friji, akawapanga juu ya ubao, akamwekea Keith kisu mkononi na kumshika kiwiko. "Haya, Bi Nora anaanzia hapa, nyuma ya kichwa. Usikandamize, utaacha nyama yote kwenye mfupa."

Keith aliharibu samaki watatu kabla mama yake hajamruhusu akae aandike.