Neno Kabla ya Plau

Tope lilikataa kushika. Venant alilikata kwa jembe, akalibeba kwa mikono yote miwili, akalibandika kwenye pengo la tuta na kulipiga kwa viganja. Kila alipogeuka kuchota jingine, lile la kwanza lilikuwa limeshameguka na kuteleza chini. Maji yalipita hapo kama yanapita kwao. Nyuma yake mpunga alioupandikiza wiki iliyopita ulikuwa umelala matopeni, umekanyagwa, kila alama ya kwato ikiwa na kidimbwi chake.

"Unalipiga kama limekutukana," alisema Odeta, dada yake. Alikuwa ameinama upande wa pili wa pengo, kitenge amekikunja hadi magotini. "Weka majani kwanza, tope lipate cha kushika."

"Dada, leo usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakuonyesha majani yalipo."

Jana alasiri ng'ombe wa Ndaki waliingia shambani. Walifuata maji, wakavunja tuta la juu, wakazunguka humo walivyotaka, kisha wakatokea upande wa pili. Mchungaji wao alikuwa amelala kivulini. Venant aliporudi kutoka mjini alikuta majaruba yake ya mpunga yamekuwa kama uwanja wa mnada.

Angekuwa mtu baki, hasira ingekuwa ndogo. Lakini Ndaki hakuwa mtu baki. Venant alihamia Ilembo kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba akijua mahindi, mihogo na maharage, mazao ya wazazi wake waliokimbia Burundi. Ndaki, Msukuma aliyeshuka na mifugo yake kutoka upande wa Shinyanga, ndiye aliyemwonyesha namna ya kuinua tuta, kufungia maji na kuyaachia. Aliyemfundisha kujenga tuta ndiye mwenye ng'ombe waliolibomoa, na tangu jana alikuwa hajatokea kusema lolote.

Kitalu cha miche kwenye kona kilinusurika. Miche ilitosha kupandikiza upya, ila ilikuwa imeanza kurefuka, na mche ukizeekea kitaluni hauzai kitu cha maana. Kwa jembe la mkono, watu wawili wasingeweza kulima na kuvuruga tope lote kabla miche haijapitwa na wakati. Venant alilijua hilo. Providence, mkewe, alilijua pia, ndiyo maana asubuhi alimwekea uji mbele yake bila neno. Mpunga huu ukikosekana, nyumba yao ingekula kwa kununua mpaka mvua za mwakani.

"Pumua," Odeta alisema. "Si ndivyo Hong alivyokufundisha?"

"Nimepumua tangu jana. Kuna kilichobadilika?"

Hong alikuwa mpishi kwenye kambi ya Wachina waliojenga barabara, enzi zile lami ilipokuwa inasogezwa kuja Mpanda. Alikuwa Mbudha. Aliwapikia wenzake nyama lakini yeye hakuigusa, kwa hiyo akampa Venant kazi ambayo watu wa Katumba wanaicheka mpaka leo: kuonja mchuzi wa nyama na kusema kama chumvi imetosha. Odeta alifua nguo za mpima barabara, Bwana Qiu, aliyefuata njia ya Kitao, mafundisho ya kale ya Kichina. Qiu alikula kila kitu na alipenda bia. Asubuhi alisimama kando ya mashine yake ya miguu mitatu, magoti ameyalegeza, mikono kama amekumbatia gunia, asifanye lolote. Ukimuuliza alijibu, "Sifanyi. Ndiyo kazi yenyewe."

Jioni hao wawili walibishana juu ya chai, na kila mmoja alijaribu kuwavuta kaka na dada upande wake. Kiswahili chao kilikuwa cha kuungaunga, lakini hoja zao hazikuwa hivyo. Walipoondoka, Venant na Odeta waliendelea kusoma kwa simu, walichokipata kwa lugha waliyoimudu. Jumapili walienda kanisani kama kawaida. Katekista aliwaita Wachina wa Ilembo, na wao walimwacha acheke.

Venant alishika ahadi alizopewa na Hong: asiue, asiibe, asizini, asiseme uongo, asinywe kinacholevya. Kila alfajiri alikaa kwenye mkeka akiangalia pumzi, na hasira ikija aliiita kwa jina lake, akaitazama mpaka ipite. Hong alisema maumivu ya binadamu yana mizizi, na mizizi hung'olewa kwa kazi ya kila siku. Odeta hakung'oa chochote. Kwa Qiu alikuwa amejifunza kwamba mtu anayejitengeneza kila siku ni sawa na anayevuta mche ili urefuke. Jifunze kitu kinavyoenda, alisema Qiu, kisha nenda nacho.

"Mwangaluka!"

Walinyanyua vichwa kwa salamu hiyo ya Kisukuma. Ndaki alikuwa upande wa chini wa shamba, na mbele yake maksai wawili wenye nira, plau ikiburutwa ubavuni. Hakusogea walipo. Aliwaingiza maksai kwenye jaruba la chini, akaiweka plau sawa na kuanza kukaza mnyororo, kama mtu aliye shambani kwake.

Venant aliliachia tope. Jembe alibaki nalo.

"Ewe! Toa hao wanyama!"

Ndaki aligeuka. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sura, kofia ya pama usoni. "Nini, bhabha?"

"Nimesema watoe! Jana wamekula, leo umewaleta waoge?"

"Hawa ni maksai. Jana hawakuwepo."

"Ndugu zao walikuwepo!"

"Sasa ndugu zao wamekuja kulima," Ndaki alisema, wala hakuwa akitania. "Jua linapanda. Nikianzia hapa chini, nyie mzibe pale juu..."

"Nani amekuita?"

Ndaki alimtazama Odeta, kama mtu anayetafuta mkalimani. Odeta alinyanyua mabega.

Venant alishuka, tope likifyonza miguu yake. Kwao Warundi, mtu aliyekukosea huja mikono mitupu. Huketi. Wazee huwepo. Hulitaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, kisha hunywa nawe kutoka chungu kimoja, na baada ya hapo ndipo mkono wake huruhusiwa kugusa mali yako. Anayeingia shambani kwako na plau kabla ya neno amekwambia kwamba wewe si mtu wa kuelezwa, ni shimo la kufukiwa tu. Baba yake Venant, mzee Apollinarie, alifukiwa hivyo maisha yake yote, na kila mara aliitikia asante.

Alisimama hatua chache kutoka kwa maksai. Jembe lilikuwa limenyanyuka mpaka begani, na yeye hakukumbuka kulinyanyua.

Hong alimwachia swali la kutumia saa kama hii: ni nani huyo aliyekasirika? Mtafute. Hutamkuta.

Venant alimtafuta, na akamkuta palepale. "Mimi," alisema kwa sauti. "Mimi Venant, mwana wa Apollinarie. Mimi ndiye niliyekasirika. Nipo!"

Maksai mmoja alirudi nyuma na mnyororo ukalia.

"Shusha jembe, mdogo wangu." Odeta alikuwa amefika. "Ukimpiga mnyama, ile ahadi yako ya kwanza inakufa hapahapa."

"Wewe ndiye wa kunikumbusha ahadi? Si unasema sheria za kushika moyoni ni mizigo ya bure?"

"Nasema mtu mwema hahitaji kuhesabu wema wake. Ila wewe unahesabu, basi hesabu vizuri." Alimwonyesha Ndaki kwa kidevu. "Mtazame. Amekosa, amekuja kutengeneza. Hakupiga mbiu. Qiu angesema huyo ndiye mwenye njia, kuliko wewe na mkeka wako."

"Kwa hiyo anayekanyaga akanyage, na sisi tuwe maji? Tukae bondeni tusubiri kwato? Dada, hiyo dini ya Qiu ni tamu kwa mwenye ng'ombe!"

"Na yako ni tamu kwa nani? Miaka yote unafagia nyumba, na hasira bado imekaa sebuleni imekunja nne!"

"Angalau naijua ilipo! Wewe ukiudhiwa unasema mambo yana mwendo wake, halafu wiki nzima hutusalimii!"

Ndaki alisikiliza huku na huku. "Huyo Qiu ni nani?"

"Mchina," alisema Odeta.

"Na Wachina nao wana shamba hapa?"

Odeta alicheka bila kupenda. Venant hakucheka. Alishusha jembe, lakini sauti ilibaki juu.

"Mimi sitaki plau. Nataka aje nyumbani, akae, aseme. Mbele ya watu. Tunywe yaishe, kama watu wenye akili."

"Mnywe nini?" Odeta aliuliza. "Pombe huinywi. Unataka mwenzio alete chungu, aseme toba yake yote, halafu wewe umwambie nimeokoka Kichina?"

Hilo lilimpata. Ahadi aliyoishika kwa uaminifu ilikuwa imemfungia mlango wa desturi anayoidai. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo alikuwa amelizungukazunguka tangu jana. Miaka yote aliona fahari kwamba hagombani. Mtu akimpunja sokoni Kashaulili, alipumua. Mtu akimwita mkimbizi, yeye mwenye uraia mkononi, alipumua. Aliamini ni Hong. Lakini baba yake naye hakugombana na mtu yeyote nchi hii, na hakuwahi kumsikia Hong, aliogopa tu. Je, pale kambini alijifunza utulivu, au alijifunza woga uleule kwa Kichina?

Swali lilimuuma kuliko mpunga. Hong hakuwahi kumwambia anyamaze, haki yake apewe. Alimwambia tazama kabla ya kutenda. Kuna tofauti, na yeye alikuwa ameiruka kwa sababu kunyamaza kulikuwa kwepesi.

"Ndaki," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka lakini haikuwa imelainika. "Nitakwambia mara moja. Ng'ombe wako wameharibu kazi ya mikono yangu na ya mke wangu. Mchungaji wako alilala. Wewe ulijua tangu jana. Umelala kwako, umeamka, umepita mlangoni kwangu, umekuja moja kwa moja huku bila hata kunitazama usoni. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Umesikia?"

Ndaki alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilipita mlangoni," alisema. "Nikasema nikigonga bila maksai, atasema Ndaki amekuja kutoa pole tupu. Baba yetu alitulea hivyo. Ukivunja cha mtu usiende kwake kuongea, nenda na vifaa. Anayetanguliza maneno anataka kukwepa kazi. Jana sikulala, nilikwenda kwa shemeji kuazima plau, yangu imekatika ulimi. Nilidhani ukiniona nayo utajua."

"Sikujua."

"Naona."

Hata Odeta hakuwa na Qiu wa kuleta hapo.

Venant aliyatazama maji. Yalikuwa yakiendelea kutoka pale penye pengo, na kila walipobishana yalikuwa yamechukua sehemu ya tuta. Angewafukuza maksai na kubaki na heshima yake na jaruba kavu. Angewaachia walime, na kesho watu wangemhesabu tena miongoni mwa wanaoitikia asante. Alikaa kwenye tuta, akavuta pumzi, si ili hasira ipite. Aliitazama tu ilivyokaa kifuani, ya moto, ina haki yake, wala haikuwa inamwambia ampige mtu. Ilikuwa inamwambia asiseme asante.

"Lima," alisema.

"Nilime?"

"Lima. Ila usiseme nimekusamehe. Sijakusamehe. Nina hasira na wewe, na nitalima nikiwa nayo."

"Ni sawa," Ndaki alisema, akaivaa kofia. "Maksai hawajali."

Plau ikaingia. Tope jeusi liligeuka, likafunika mashina yaliyokanyagwa, na Venant aliumia kuyaona yakizama. Alirudi kwenye pengo. Odeta aliweka majani, naye akaweka tope juu yake. Mara mbili Ndaki alipita karibu na kumsemesha habari za kina cha maji, na mara mbili Venant alimjibu kwa kifupi, kwa ukali, jibu sahihi. Mchana Providence alileta viazi. Aliwatazama wote watatu, akavigawa sehemu tatu.

Jua lilipoanza kulala majaruba mawili yalikuwa yamelimwa na kuvurugwa, na pengo la juu limeziba ila kwa mchirizi mwembamba. Jaruba la tatu, lile kubwa, lilikuwa bado. Miche ilikuwa bado kitaluni. Maksai walisimama wakihema, na Ndaki akawafungua nira.

"Kesho mapema," alisema. "Tutaanza na hili kubwa."

"Kesho maksai waache barabarani," alisema Venant. Alikuwa akinawa tope miguuni, hakunyanyua kichwa. "Upite kwangu kwanza. Peke yako."

"Nije kufanya nini?"

"Kukaa."

Ndaki alifikiri. "Na pombe?"

"Uji."

Odeta alikohoa. Ndaki aliitikia kwa kichwa, akawaswaga maksai wake kuelekea njiani. Venant aliusikiliza mchirizi wa maji uliobaki kwenye tuta, akainama kuubandika tope, kisha akaona giza linaingia, akaliacha jembe limesimama palepale.