Fremu ya Marehemu Rehani

Abel Mshana alikuwa fundi umeme wa kiwanda mpaka kiwanda kilipouzwa. Mwenye mali mpya alikuja na mafundi wake, na Abel akaambiwa apumzike. Alipumzika kwa hasira mwaka mzima, kisha akapata kazi Mzumbe, kwenye mashine ya kusaga ya mtu binafsi. Tajiri wake alikuwa na sharti moja: mashine iwake alfajiri, kabla mabasi ya kwanza hayajatoka mjini. Alishachelewa mara kadhaa. Akichelewa tena, kazi anapewa mwingine, na wengine walikuwa tele, maana siku hizo Morogoro ilijaa mafundi waliopumzishwa.

Goti lake lilikuwa bovu, kwa hiyo kupiga pedali mpaka Mzumbe asingeweza. Akaamua kuunda baiskeli ya umeme. Sisi majirani zake wa Mafiga tulicheka mpaka tukachoka wenyewe. Lakini mota aliipata, ya feni ya basi bovu la Kijapani. Betri mbili za gari akazipata pia, na siku moja gurudumu likazunguka kweli. Kilichomtoa jasho ni kile tulichodhani ndicho rahisi, fremu.

Si kwamba baiskeli zilikuwa adimu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila duka limezitundika mpaka barazani. Mpya za Kichina ziling'aa, ila mabomba yake membamba. Ya kwanza ilikatika kwa uzito wa betri hata kabla hajafika barabara ya Iringa. Za mitumba zilikuwa imara, lakini alizoziona zote zilikuwa za kike, hazina bomba la juu. Betri ikabidi zikae kwenye keria, na gurudumu la mbele likawa linanyanyuka kama punda mkorofi. Alitaka fremu ndefu, nzito, yenye nafasi ya kulaza betri katikati. Mtaani kwetu ilikuwepo moja tu, ya zamani, yenye mabomba mawili juu. Mwenyewe, mzee Rehani muuza mboga, ndiyo kwanza tumetoka kumzika.

Abel akaenda kwa mjane, Bi Pili. Akamwamkia shikamoo, akampa pole tena, akaeleza shida yake. Bi Pili aliitazama ile baiskeli ilivyoegemea ukuta, akamwambia aichukue. Kwa kuwa Abel ni mtu mwangalifu, alimuuliza pia mtoto mkubwa wa marehemu, naye hakupinga. Kwao Upareni mambo yangeishia hapo. Ameishi na Waluguru miaka chungu nzima, amekula ndizi zao na kucheza ngoma zao, wala hakuwahi kujisumbua kujua kwamba mali ya mwanamume wa Kiluguru haiendi kwa wanawe. Inarudi kwenye ukoo wa mama yake, kwa mpwa.

Akaifungua, akakata bomba moja la juu, akachomelea kitako cha chuma cha kubeba betri. Asubuhi ya kwanza alitupita kimya kimya, miguu haifanyi kazi yoyote. Hapo ndipo tulipoacha kucheka. Alifika Mzumbe kabla ya tajiri wake, na siku zilizofuata pia.

Siku ya arobaini akateremka Sufiani kutoka Mgeta, mpwa wa marehemu. Vitu vya mjomba wake vikatolewa uani: jembe, panga, koti. Akauliza baiskeli. Bi Pili hakujificha. Alisema ametoa kisicho chake, kwa sababu kila alipoiona bila mtu alishindwa hata kuwasha moto. Abel akaitwa, akaja akiikokota. Alipoelezwa kosa lake uso ulimshuka, nami nilimhurumia, kwani kazi yake yote ilikuwa pale juu ya magurudumu mawili. Akasema Sufiani aichukue nzima, na mota yake, maana bomba lililokatwa halirudi.

Sufiani aliizunguka, akalipapasa lile bomba lililokatwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Hivyo ulivyopanda ni vyako," alisema, akionyesha mota na betri. "Fremu ni ya ukoo. Utalipa ngoto."

Ngoto ni kile anachopeleka mgeni anayelima shamba la ukoo, kila baada ya mavuno: kuku, au kikapu cha mchele. Kinampa ruhusa ya kulima mwaka mwingine. Abel alikubali upesi, akiona amepona kwa bei ya kuku.

"Na baiskeli uje nayo," Sufiani akaongeza.

Baada ya mavuno Abel akapanda Mgeta, kuku kafungwa kwenye usukani. Ile milima si ya mota ya feni. Betri zilikufa mapema, akaisukuma njia iliyobaki na goti lake, huku akituapiza sisi sote. Alipanga kumwambia Sufiani kwamba mwaka ujao atamtuma mtu na kuku wawili, yaishe.

Sufiani hakumtazama kuku. Alikuja mpaka njiani, akaishika baiskeli usukani kwa mikono miwili, akageuka kuwaita walio ndani.

"Tokeni," alisema. "Mjomba amefika."

Wakatoka wote, hadi bibi mmoja asiyeona vizuri, dada wa marehemu, akaongozwa mpaka kwenye tandiko, akalishika, akalia. Abel anasema aliona aibu. Habari ya kuku wawili hakuitaja.