Tausi Wanane Juu ya Viti

1.

Kama una gari kubwa la watu wanane, soma.

Kama huna, soma pia. Ipo siku utapanda la mwenzio.

Habari yenyewe ni ya Namkunda, mke wa Mzee Mrutu, wa Mhezani, juu kabisa kule Upare, mahali ambapo tangawizi inaota mpaka kwenye nyufa za mawe. Ni mwanamke wa darasa la saba na mashaka mengi. Maziwa yakiwa jikoni, yeye yuko mlangoni anatazama mawingu. Akitazama mawingu, moyo uko kwenye maziwa. Mashaka yake yote huyaandika kwenye daftari la mistari, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ili wengine wasije wakasema hawakuambiwa.

Basi siku moja simu ikalia. Ni Naelijwa, binti yake, mpima ardhi huko Dar es Salaam.

"Mama, nimepata gari."

"La kuazima?"

"Langu, Mama."

"Kadogo?"

"La watu wanane. Krismasi nakuja nalo."

"Mama? Umenisikia?"

"Nimesikia. Ngoja nikae kwanza."

Akakaa. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa upande wa khanga. Binti aliyekuwa akishuka mlima kwa miguu na begi la shule kichwani, leo ana gari la watu wanane! Namkunda alikuwa na maswali mia moja. Breki zikoje? Matairi ya mwaka gani? Nani amekufundisha kushuka milima kwa gari zito?

Akauliza moja.

"Viti vyake vina upana gani?"

2.

*Vipimo, kwa mkono wa Namkunda, kama alivyosomewa kwenye simu:*

Mbele, viti viwili. Sentimita hamsini na mbili.
Katikati, viti vitatu. Arobaini na nane.
Nyuma kabisa, vitatu vya kubanana. Arobaini na moja.
Rangi ya viti: kijivu. (Kijivu! Kama kuta za mahabusu.)

Wewe unayesoma, kama hukukulia kwetu huwezi kujua. Mlimani kochi lisilo na kitambaa cha kufuma ni kama mzee aliyetoka nje bila shati. Redio ina kitambaa chake. Jagi la maji lina kofia yake yenye shanga. Kitu cha thamani kikiachwa uchi, watu huuliza: nyumba hii haina mama?

Miezi mitatu alifuma. Uzi mweupe, sindano ya kroshia, taa ya sola, miwani iliyofungwa kwa waya. Tausi wanane. Kila tausi mkia umepanda mgongoni mwa kiti, kichwa kimeinama kwenye pembe ya chini, pale mgongo na makalio ya kiti yanapokutana, kama anayedonoa punje. Jicho la tausi, uzi mwekundu.

Shangazi Nanzia, dada wa Mzee, alipita akatazama.

"Wifi, hivi unafumia gari au unafumia ikulu?"

"Nafumia mwanangu."

3.

TANGAZO LA USHARIKA

*Jumapili baada ya ibada ya pili kutakuwa na maombi maalumu ya gari la binti yetu Naelijwa Mrutu. Washarika wote mnakaribishwa. Watoto wasipande juu ya boneti. Tunarudia. Watoto wasipande juu ya boneti.*

*Yaliyosikika nje ya kanisa:*

— Ni yeye mwenyewe aliyelipandisha mlima?

— Mwenyewe! Kona ya Mfuleni kaikata kama anakata keki.

— Mwanamke?

— Sasa wewe ulidhani usukani una ndevu?

— Na vile vitambaa ndani umeviona? Hilo si gari, hilo ni bi harusi.

Na jina likabaki. Bi Harusi.

Mchungaji aliweka mkono juu ya boneti, akaliombea gari magurudumu manne na la akiba la tano. Namkunda alisimama nyuma ya binti yake, amenyooka kama mlingoti wa shule. Shingo yake siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya tausi yeyote.

4.

Rudi nyuma kidogo. Jumamosi, siku moja kabla ya maombi. Uani.

Naelijwa na Fundi Kihedu, anayetengeneza malori ya tangawizi pale njia panda, wamechuchumaa kwenye gurudumu.

"Dada, hizi namba nne hapa ubavuni ni siku ya kuzaliwa ya tairi. Mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi likizeeka linapasuka hata kama vijino bado vipo."

"Yangu ni ya mwaka jana, fundi."

"Hongera. Maji ya rejeta?"

"Naangalia asubuhi, injini ikiwa imepoa."

"Mafuta ya breki?"

"Juu ya alama."

"Kwenye kerea, huku juu ya paa, usipakie magunia. Gari refu lina kiuno kirefu. Ukilibebesha kichwani, kona inalilaza. Na ukirudi nyuma, shuka kwanza uzunguke. Gari kubwa halioni watoto."

"Kushuka hapa je?"

"Gia namba mbili tangu juu mpaka chini. Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia."

Namkunda aliyasikia yote. Aliyaandika yote. Moyo ukajaa: mwanangu anajibu kama fundi!

Mkono wake wakati huo ulikuwa ndani ya gari.

Vitambaa viliingia vizuri, isipokuwa jambo moja. Kila kiti kilikuwa na kidude kinachochungulia pale kwenye pembe, cheusi, chenye kitufe chekundu, pale unapochomeka ulimi wa mkanda. Kilimnyanyua tausi kichwa. Kilimharibia umbo. Namkunda akakisukuma chini ya kitambaa. Kikatoka. Akakisukuma tena, akavuta ukingo wa kitambaa chini ya kiti, akaushona kwa uzi wa gunia.

Imara.

Viti saba hivyo. Cha dereva tu alikiacha, maana chini barabarani askari hutazama dereva.

Naelijwa akaja, akanyoosha shingo.

"Mama... na mikanda?"

"Ipo. Nimeihifadhi isichafuke."

Naelijwa aliwatazama tausi saba waliotulia. Akatazama vidole vya mama yake, vilivyotobolewa na sindano. Akafungua mdomo.

Mzee Mrutu akawahi kutoka barazani: "Mkanda wa nini? Mimi ni mbuzi wa kupelekwa mnadani?"

Wote wakacheka. Naelijwa naye akacheka.

"Nitaifungua tukifika barabara kubwa," alisema.

Barabara kubwa iko chini. Mlima uko kabla yake.

5.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI

*YAH: MAGARI YANAYOSHUKA MTEREMKO WA MFULENI*

*Madereva wote mnatakiwa kupiga honi kabla ya kona. Gari linalopanda na mzigo lipewe njia. Ni marufuku kushuka injini ikiwa imezimwa kwa kisingizio cha kubana mafuta. Atakayekaidi atachukuliwa hatua.*

Jumatatu, saa nne asubuhi, wakashuka kwenda Same, harusini kwa mpwa wa Mzee. Mbele Naelijwa na baba yake. Katikati Namkunda, Shangazi Nanzia, na Mwalimu Mbonea wa kwaya. Nyuma kabisa wajukuu watatu, watoto wa Naelijwa: Semvua, Nakunda, na kitinda mimba Nambike, miaka mitano, gauni la njano, miguu haifiki chini.

"Bibi, tausi wangu anateleza."

"Mshike mkia, mjukuu wangu."

Gia namba mbili. Injini inanguruma kwa adabu. Watu kando ya njia wanapunga mikono, Namkunda anapunga kama mke wa waziri.

Honi.

Kona.

Lori.

Lilikuwa limejaa tangawizi na limechukua njia yote. Naelijwa hakupiga kelele wala hakuyumbisha usukani. Alikanyaga breki, akashika njia yake, na Bi Harusi akasimama hatua tatu kabla ya pua ya lori.

Andika hivyo, na iandikwe kwa wino: gari lilisimama.

Kilichokuwa ndani hakikusimama.

Mzee alishika dashibodi kwa viganja vyote viwili. Shangazi alimwangukia Mwalimu. Na Nambike, juu ya uzi mweupe laini uliofumwa kwa miezi mitatu, aliteleza kama sabuni mkononi akapiga uso kwenye kiti cha mbele yake, nyuma ya bega la bibi yake.

Namkunda alisikia mshindo. Aligeuka.

Njano.

Nyeupe.

Nyekundu.

6.

*KADI YA MGONJWA, ZAHANATI*

*Jina: Nambike. Umri: 5. Meno mawili ya juu yametoka. Mdomo umeshonwa nyuzi tatu. Anaongea, anatembea. Chanzo: gari kusimama ghafla. Mkanda:*

Muuguzi aliinua kalamu. "Mtoto alikuwa amefunga mkanda?"

Naelijwa alitazama sakafu. "Mimi ndiye dereva. Nilipaswa—"

"Haukuwepo," alisema Namkunda.

"Gari jipya vile halina mikanda, Bibi?"

"Ipo. Niliishona mimi."

Muuguzi hakugomba. Aliandika neno moja, kisha akamgusa Nambike kidevu. "Meno haya ni ya utotoni, mengine yataota. Shingo haioti, Bibi."

Harusini hawakufika.

Nyumbani, jua likiwa bado juu, Namkunda alifungua kabati la sebuleni. Chini ya Biblia kilikuwepo kitabu cha gari. Kilikuja na gari kutoka Japani, maandishi yake hakuna anayeyajua kijijini, na kwa heshima alikuwa amekivisha nailoni akakifunga kwa utepe. Akakata utepe. Maandishi yalimshinda. Picha hazina darasa.

Picha: mtoto amekaa bila mkanda, mistari inaonyesha anavyoruka. Alama nyekundu ya mkasi, kama ya mwalimu kwenye jibu la kosa.

Picha: mtu amevaa mkanda chini ya kwapa. Mkasi.

Picha: mfuko wa upepo unatoka ubavuni mwa kiti kumlinda mtu.

Picha: kiti kimevishwa kitambaa. Ubavu umezibwa. Mkasi. Mkubwa kuliko yote.

Kila alichokiogopa duniani alikuwa amekiandika kwenye daftari: matairi, breki, maji ya rejeta, kona, lori, ukungu, ng'ombe. Kurasa kumi na nne. Hakujiandika yeye.

Akachukua mkasi. Mkasi wa kweli.

Shangazi Nanzia alimkuta ndani ya gari. "Wifi! Unakata tausi? Miezi mitatu ile!"

"Shika hapa, vuta."

"Si uvitoe tu vyote vikaoshwe, viwekwe kwenye makochi?"

"Watu walikuja kuona tausi. Waje waone na tundu."

Alikata ubavu wa kila kitambaa, wazi juu mpaka chini, ule mfuko wa upepo upate pa kutokea. Akafunga kamba nyuma, kila kimoja kisihame wala kuteleza. Kisha akakata pale kwenye pembe ya chini, kwenye jicho. Akashonea tundu pembezoni kama tundu la kifungo cha koti, asije mtu akasema ni kazi ya panya. Kile kidude cheusi kikapanda, kikatokeza. Kitufe chekundu kikakaa palepale jicho lilipokuwa.

Nambike alikuja na mdomo uliovimba, akachungulia.

"Bibi, tauthi wangu thatha anaona."

Naelijwa alikuwa mlangoni. Alitaka kusema kitu kuhusu Jumamosi, kuhusu mdomo aliofungua akaufunga. Mama yake akamwahi.

"Siku nyingine ukiona nimekosea, niambie nikiwa bado nashona. Usinionee huruma. Huruma imetung'oa meno mawili."

"Ndiyo, Mama."

"Na ile breki uliyokanyaga pale Mfuleni..." Akauweka mkasi chini. "Nilizaa dereva."

7.

Alhamisi, saa moja asubuhi. Wanarudi Dar es Salaam. Mzee Mrutu anakwenda kuonana na daktari wa macho. Shangazi anamsindikiza. Mwalimu Mbonea na mkewe wameomba lifti. Namkunda anabaki na ng'ombe.

Naelijwa amezunguka gari lote kwa miguu. Maji. Mafuta. Upepo wa matairi. Kerea tupu. Nusu ya kijiji iko kando ya njia, na hakuna mtoto juu ya boneti.

Namkunda amesimama mbele ya Bi Harusi, daftari mkononi, kalamu sikioni.

"Madirisha yafunguliwe. Nataka kusikia kila mkanda ukiingia."

Ta.

Ta. Ta.

Ta. Ta.

Ta.

Ta.

"Saba," alisema Namkunda.

"Mama Naelijwa, tutachelewa," alisema Mzee kutoka kiti cha mbele.

"Saba."

"Mimi nina miaka sabini na moja. Nimepanda malori juu ya magunia. Nimepanda trekta. Sijawahi kufungwa kama—"

"Kama mbuzi. Tumesikia. Mbuzi wa mnadani anafungwa ili afike."

Watu kando ya njia wakapiga vigelegele. Mtu akasema, Mzee, leo umekamatika. Mzee akavuta kofia.

"Naelijwa, washa gari twende."

Injini ikawaka. Namkunda hakusogea. Akaweka kiganja juu ya boneti, palepale Mchungaji alipoweka chake. Chuma kilitetemeka chini ya mkono, lakini mguu wake ulibaki pale pale.

Naelijwa alimtazama mama yake kupitia kioo. Akamtazama baba yake. Akazima injini, akavuta ufunguo, akauweka mapajani.

Jogoo mmoja akawika, mbali.

Kutoka kiti cha nyuma kabisa, sauti ya pengo:

"Babu, tauthi wako bado haoni. Mtie chuma cha mkanda aone."

Mkono wa Mzee ulikuwa begani, karibu na mkanda. Labda anajikuna tu. Namkunda akatoa kalamu sikioni, akafungua ukurasa mpya.

1. Naelijwa, dereva, mwanangu — ta.
2. Shangazi Nanzia — ta.
3. Mwalimu Mbonea — ta.
4. Mke wa Mwalimu — ta.
5. Semvua — ta.
6. Nakunda — ta.
7. Nambike wangu — ta.
8. Mzee Mrutu —