Dawa ya Mabegani

Mdogo wangu ni fundi vioo, na fundi vioo asiye na nguvu ni hatari kwake na kwa wapita njia. Alikuwa amepasuliwa uvimbe kwenye kitezi kilicho chini ya ubongo. Uvimbe ulitoka, ila kitezi hakikurudi kazini, na mwili wake ukaacha kutengeneza homoni ya kiume. Akawa mchovu, mnunaji, wa kulala mchana kama paka. Mimi dada yake naishi naye, na sijui kumung'unya maneno. Nilimwambia mkewe: "Wifi, tumerudishiwa maganda, tunda limebaki hospitali."

Daktari akampa jeli ya homoni, ya kupaka mabegani kila asubuhi. Alipimwa damu mara kwa mara: kiwango kikiwa chini dozi inaongezwa, kikizidi inapunguzwa. Polepole mtu akarudi. Sauti ikarudi, mzaha ukarudi, hata kugombana nami kukarudi. Nilifurahi, maana nyumba isiyo na ubishi ni mochwari.

Na binti yake akarudi begani. Alikuwa na miaka mitatu, tukimwita Kupe kwa jinsi alivyomganda baba yake. Fundi akifika kutoka kazini anavua shati, mtoto anapanda, anaweka shavu begani mpaka usingizi unamchukua. Nani angeona ubaya hapo?

Kisha Kupe akaanza kubadilika. Alirefuka haraka, tukajisifu kwamba anakula vizuri. Akatoka chunusi, tukasema joto. Siku moja wifi alikuwa anamwogesha, akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Mtoto alikuwa ameota nywele mahali ambapo mtoto wa umri ule haoti, na jasho lake lilinuka la mtu mzima.

Daktari wa watoto alipiga picha ya mkono wake. Mifupa ilikuwa ya mtoto wa miaka sita. Akatutazama wote watatu, akauliza, "Nyumbani kuna mtu anapaka dawa ya homoni?"

Mdogo wangu aliangalia viganja vyake, akavificha kwapani. "Ni mimi. Nimempaka mwanangu."

"Hukumpaka. Dawa imehama kutoka kwenye ngozi yako," daktari alisema. "Tutakubadilishia, uchomwe sindano. Kwa sasa nawa mikono, vaa shati, asiguse mabega yako. Mengi yatarudi yalivyokuwa. Ila urefu wake wa ukubwani siwezi kuahidi."

Yeye alisikia neno moja tu: asiguse. "Shati linalowa jasho, dada," aliniambia. Kuanzia hapo hakumshika kabisa, hata mkono. Alipita mlango wa nyuma, akajifungia chumbani, na mtoto akabaki nje anagonga mlango kwa viganja na kumlilia. Utamweleza nini mtoto wa miaka mitatu kuhusu homoni? Wifi akatumia lugha ambayo mtoto anaijua: "Baba ana moto. Ukimgusa utaungua." Kupe alilijua jiko, akaelewa. Baba yake alisikia yote kutoka ndani, hakukanusha. Nilishikwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Sindano zenyewe zikawa hazipatikani. Kila tukienda famasi ni njoo wiki ijayo. Akaacha jeli kimyakimya ili imtoke mwilini ampakate mwanawe. Kabla hajathubutu hata kumshika kidole, nguvu zilimwishia kazini, akaanguka na kioo, akashonwa mkono. Daktari wake alimfokea kama mtoto: mwili ule hauwezi kukaa bila homoni. Akarudi kwenye jeli, na kwenye kile chumba.

Kulia kule mlangoni kulipungua, kisha kukaisha. Wifi alisema heri, mtoto amezoea. Mimi moyo wangu ulikataa kuiita heri.

Hatimaye sindano zikapatikana. Akachomwa, jeli ikatupwa, mashuka na mashati yakafuliwa upya. Vipimo vya Kupe vikashuka, vya baba yake vikatulia. Daktari akacheka, "Sasa kamkumbatie hadi achoke."

Siku hiyo alioga mara mbili, akijisugua mabega mpaka yakawa mekundu. Akavaa shati jipya, akakaa kwenye mkeka sebuleni, akanyoosha mikono. "Njoo, mama. Baba hana moto tena."

Kupe alimtazama mama yake. Wifi, macho yamejaa, akamwitikia kwa kichwa. Mtoto akasogea, akasimama mahali ambapo mikono ya baba yake haifiki, akaficha ya kwake mgongoni.

"Shikamoo," akasema, kama tulivyomfundisha kuwaamkia wageni. Kisha akageuka kwa mama yake aone kama amepatia.

Mdogo wangu alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Marahaba," akamjibu.