Fundi Asiyekula

Notburga alizaliwa na kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Mtu mwenye njaa akimkaribia, kile anachokitamani humjia Notburga mdomoni kana kwamba amekitafuna yeye. Alipokuwa mdogo, mama yake, Mama Kunegunda, alidhani ni ulafi. Alipoajiriwa kuhudumu katika hoteli ya Mzee Hironimus, karibu na soko la Songea, kikawa riziki. Dereva akivuka kizingiti tu, Notburga anamwambia mpishi, "Dagaa wa Nyasa, pilipili nyingi." Dereva anaketi, anaagiza dagaa. Watu walicheka, wakasema binti yule ana jicho. Hawakujua ni ulimi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa tena sabuni na khanga, na kila mwenye vijisenti anajiita mfanyabiashara. Wageni waliingia mjini kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka fundi cherehani mmoja kutoka Nakapanya alipopanga chumba nyuma ya soko na kuanza kupunguza suruali za mitumba. Jina lake Alfani. Mchana alishona kajifungia ndani. Jua likizama alikuja hotelini, akaagiza chai, akaitazama mpaka ikapoa.

Siku ya kwanza alipoketi, Notburga nusura aangushe sinia. Mdomo ulimjaa damu ya moto, yenye chumvi. Alikimbilia uani akatema, akatema tena, na kilichotoka kilikuwa mate meupe tu. Alitaka kupiga yowe, lakini ladha ikageuka. Chini ya ile damu kulikuwa na kisamvu cha karanga, cha mkono wa mtu mmoja, chumvi imezidi kidogo. Tamaa ile ilikuwa na majonzi mengi hata Notburga akajikuta analia peke yake kwenye mapipa ya maji.

Akajifuta uso, akarudi kuchukua kikombe.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "nani alikuwa anazidisha chumvi kwenye kisamvu?"

Alfani aliinua macho kutoka kwenye chai. "Biasha," alisema. "Mke wangu."

Urafiki wao ulianzia hapo. Jioni baada ya jioni, wateja walipopungua, Alfani alimweleza kidogo kidogo. Alikuwa kijana tayari Wajerumani walipofika. Mgeni mmoja aliyempa malazi kule Nakapanya ndiye aliyemwachia maradhi haya ya kutokufa. Damu aliyokunywa ilikuwa ya mbuzi, kutoka kwa mchinjaji aliyeamini kwamba inatumika kwenye dawa. Ya watu alikuwa ameiacha zamani sana.

"Kumbe nilipaswa kukuamkia," Notburga alisema. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Alicheka, akayaficha meno kwa kiganja. Kisha cheko likamwisha. "Jua silikumbuki sana. Ninachokosa ni sala. Damu ni haramu, nami ndiyo chakula changu. Nitatia udhu vipi na kinywa hiki?"

Notburga, aliyelelewa kanisani, alisogeza kiti karibu. Alikaa naye tu. Mbele ya watu wengine alijifanya anabahatisha. Mbele ya Alfani hakujifanya chochote.

Masika yalipoanza, Kajetani alirudi nyumbani. Alikuwa kaka pekee wa Notburga, utingo wa lori la mahindi, kijana aliyezoea kuruka kutoka kwenye bodi gari likiwa bado linatembea. Safari hii alishushwa kwa kubebwa. Hospitalini daktari aliwaita mama na dada pembeni, akawatajia ugonjwa. Njiani Mama Kunegunda alisimama katikati ya matope.

"Jina hilo lisitamkwe nyumbani kwangu," alisema. "Mwanangu ana kifua. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Majirani waliambiwa ni kifua. Notburga alimlisha kaka yake alichokitamani kabla hajasema: soda, kisha embe bichi, kisha maji ya baridi. Halafu ikafika siku aliketi kando ya kitanda chake, na mdomo wake ukabaki mtupu kabisa. Kajetani hakutaka tena kitu chochote duniani. Notburga alivaa viatu akakimbilia kwa Alfani, mvua inamnyeshea.

"Mpe hicho ulicho nacho," alisema. "Muume. Aishi."

Alfani alisimamisha cherehani. "Hapana."

"Wewe babu gani? Unaniona nakatika maini, unasema hapana?"

"Keti." Notburga hakuketi, Alfani akaendelea hivyo hivyo. "Biasha alijifungua, akashikwa na homa. Alikuwa anakufa. Nilimpenda kuliko akili zangu, nikamuuma. Aliamka mzima, mzuri kama siku ya harusi. Akaamka na njaa. Na mtoto alikuwa amelala ubavuni pake." Alilaza mikono juu ya kitambaa. "Mama yake nilimsukuma nje juani mimi mwenyewe. Wote wawili niliwazika usiku uliofuata."

Notburga alitaka kumwita mwongo. Lakini mtu huyo alikuwa mbele yake, na ulimi wake ulikuwa umejaa kisamvu.

Kuanzia jioni ile Alfani akawa anakuja kumuuguza Kajetani. Ndugu wengine waliacha chakula mlangoni wakasingizia haraka. Yeye aliingia, akamgeuza, akamfuta, akamwekea viganja vyake vya baridi kwenye paji la uso.

"Mikono yako kama maji ya mtoni, fundi," Kajetani alimwambia, akatabasamu. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Alifariki kabla ya kupambazuka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Alfani.

Walipomaliza mazishi, watu walirudi uani kwa Mama Kunegunda. Waliobeba jeneza walinong'ona jinsi lilivyokuwa jepesi. Mwingine akasema amemwona fundi akitoka humu nyumbani alfajiri, anakimbia jua. Mwingine akasema fundi yule hajawahi kuonekana akitia tonge mdomoni. Binamu wa marehemu, Valence, akasimama.

"Mlimwona Kajetani? Alibaki ngozi! Damu yote imefyonzwa. Tunaye mumiani nyuma ya soko, nasi tumekaa tunakula maharage!"

Vijana waliinuka. Mmoja alibeba fimbo, mwingine dumu la mafuta ya taa. Notburga alimtazama mama yake, aliyeketi mkekani katikati ya wanawake. Mama alijua anachotaka kusema binti yake. Alitikisa kichwa mara moja tu, taratibu, kama anayeomba.

"Kajetani hakunyonywa na mtu," Notburga alisema kwa sauti. "Kajetani amekufa kwa UKIMWI. Daktari alituambia. Mimi na fundi ndio tuliomwogesha, na hamna mwingine hapa aliyethubutu."

Mwanamke aliyekuwa amemkumbatia Mama Kunegunda aliondoa mkono wake, akasogea pembeni. Mwingine akaweka chini kikombe alichokuwa anakinywea, akafuta midomo kwa upande wa khanga. Mama Kunegunda alijifunika uso. Vijana wengi waliketi, lakini Valence na wawili wengine waliondoka na dumu, na baadaye moshi ulionekana upande wa soko.

Chumba kiliungua bila mtu; alfajiri ile Alfani alikuwa amejificha kwenye ghala la mahindi kabla jua halijamkuta. Notburga alimkuta Alfani giza lilipoingia, kando ya lori la kwenda Tunduru, hana hata begi.

"Habari zimenifikia," alisema Alfani. "Ungewaacha wanichome, mjukuu wangu. Mimi nimekwisha kuishi. Mama yako ana maisha ya kuishi na watu wale."

"Sikuweza kuzika wawili siku moja."

Alimshika mkono, akapanda, akajilaza chini ya turubai. Lori likaondoka. Hawakuonana tena.

Hotelini wateja walianza kukataa sahani zilizopita mikononi mwa Notburga. Mzee Hironimus alimwita jikoni, akasema, huku anatazama sakafu, "Pumzika kidogo, binti yangu." Nyumbani mama hakumgombeza. Alipika, akapakua, akala akiwa amempa mgongo. Kila usiku Notburga alimsikia akilia upande wa pili wa ukuta. Aliwahi kuinuka akabisha mlango. Kilio kikakoma, na mlango haukufunguliwa.

Baada ya arobaini, Mama Kunegunda alifunga godoro lake kwa kamba. Pikapu ilikuja kumchukua, aende Maposeni kwa dada yake. Notburga alimbebea sufuria mpaka garini, akamsaidia kupanda, akampangia khanga magotini.

"Mama," alisema. "Mama, nisamehe."

Mama Kunegunda alitazama mbele. Dereva alipowasha gari ndipo akafungua mdomo.

"Ufunge mlango wa uani," alisema. "Kuku wataingia ndani."